"Sista, baba atarudi kuwa kama zamani?" Namna ya kukadiria ahueni baada ya dawa ya kuyeyusha bonge la damu

Swali hili hunikuta mlangoni. Dripu haijafika nusu, macho ya mgonjwa bado yamevutwa upande mmoja, na binti yake kanishika kiwiko: "Sista, baba atarudi kuwa kama zamani?" Huu ni mwaka wangu wa 11 kwenye wodi ya kiharusi, na kila mara ulimi unatamani kusema ndiyo, atarudi. Siku hizi namjibu: "Mwanangu, hilo niulize kesho saa kama hii. Keshokutwa niulize tena, lakini uniulize habari ya mkono tu."

Wapo wanaodhani nawazungusha. Siwazungushi. Kukadiria ahueni si kazi ya kufanywa mara moja ukamaliza. Mimi huangalia kabla ya dawa, huangalia saa 24 baada yake, huangalia siku ya tatu, na mwezi wa tatu tangu kiharusi hukutana na mgonjwa kliniki kuona kama tulikisia sawasawa. Kila mara swali linakuwa jingine. Kosa ninaloliona sana, na nililowahi kulifanya mwenyewe, ni kuchukua jibu la siku ya kwanza na kulitumia kujibu swali la siku ya tatu.

Nawaandikia ndugu wanaokaa pembeni mwa kitanda, na manesi wapya wanaoulizwa swali hilo usiku wakati daktari yuko kwa mgonjwa mwingine.

Dawa yenyewe kwanza

Wengi huitarajia ifanye muujiza, kwa hiyo tuiweke mahali pake. Alteplasi, ile ya dripu, hupimwa kwa uzito wa mgonjwa: miligramu 0.9 kwa kila kilo, jumla isizidi 90. Sehemu ya kumi inasukumwa kwa dakika moja, iliyobaki inashuka kwa saa nzima. Tenekteplasi yenyewe ni sindano moja, inasukumwa na imeisha. Zote mbili zinaamsha kimeng'enya cha mwili chenyewe kinachokata nyuzi zinazolishikilia bonge la damu.

Mwaka 2014 zilichapishwa takwimu za wagonjwa 6,756 waliokuwa kwenye majaribio 9 ya alteplasi. Kati ya waliopewa dawa ndani ya saa 3, kama 33 katika kila 100 waliishia bila ulemavu au na kasoro ndogo tu. Kati ya wasiopewa, 23. Waliopewa kati ya saa 3 na saa 4 na nusu walikuwa 35 kwa 30. Zisome namba hizo polepole. Watu 10 zaidi katika kila 100 ni wengi mno, hasa kama mmoja wao ni mama yako. Lakini zinasema pia kwamba wengi waliopewa dawa bado walibaki na jambo fulani. Ndugu akilielewa hilo mapema, siku ya tatu hatalia kwamba dawa imeshindwa.

Yanayohesabiwa kabla ya dawa kuanza

La kwanza ni ukali wa kiharusi. Kipimo chake kinaitwa NIHSS, kina alama 0 hadi 42, na kadiri zinavyopanda ndivyo hali ilivyo mbaya. Usifikirie mashine. Ni mimi na mgonjwa tu. Namwambia afumbe macho, afumbue, akunje ngumi. Nauinua mkono wake, nauachia hewani na kuhesabu kwa sauti hadi 10. Mguu nahesabu hadi 5. Mkono ukianza kushuka kabla ya 10 lakini usifike kitandani, ni alama 1. Ukijikaza lakini ukaishia kitandani, 2. Ukidondoka kama mzigo, 3. Usipojongea hata kidogo, 4.

Kisha namwonyesha picha ya jikoni: sinki linafurika, mtoto amepanda stuli inayopinduka, mama anafuta sahani kama vile haoni kitu. Namwomba anisimulie. Mwalimu mmoja mstaafu aliitazama picha ile kwa muda mrefu, akasema "maji… maji… yule…", kisha akaanza kulia. Alijua kabisa alichotaka kusema. Hiyo kwenye karatasi ni alama 2 tu.

Kwa kukadiria kwa jicho la haraka, mwenye alama 6 kushuka chini ana matumaini makubwa ya kuamka vizuri; kuanzia 16 kupanda, hatari ya kufa au kubaki na ulemavu mkubwa inakuwa nzito. Hata hivyo kipimo hiki kina upendeleo wake. Lugha inaweza kuchukua hadi alama 7, na lugha kwa watu wengi hukaa upande wa kushoto wa ubongo. Kuisahau nusu moja ya dunia, yaani kutotambua kilicho upande mmoja, jambo linalowapata zaidi walioumia upande wa kulia, huishia alama 2. Kwa hiyo viharusi viwili vyenye ukubwa uleule vinaweza kupata alama tofauti. Na kiharusi cha sehemu ya nyuma ya ubongo hukidanganya kabisa: nimewahi kuwa na mgonjwa mwenye alama 2 asiyeweza kupiga hata hatua moja kwa kizunguzungu.

La pili ni hali yake ya kabla. Hapa ndugu hutudanganya, tena kwa upendo. Ukiuliza "alikuwaje?" unaambiwa "alikuwa mzima kabisa." Nimejifunza kuuliza hivi: "Wiki iliyopita, nani alimfunga vifungo vya shati?" Kimya kidogo, kisha: "Aah, vifungo namfunga mimi. Na bafuni namshika." Haya basi. Dawa ikifanya kazi yake yote, itamrudisha kwenye hali ya wiki iliyopita, si ya miaka mitano iliyopita. Tunatumia mizani ya Rankin: 0 ni mtu asiye na dalili yoyote, 1 ana dalili lakini anafanya shughuli zake zote, 2 hawezi yote aliyokuwa akiyafanya ila anajimudu mwenyewe, 3 anahitaji msaada lakini anatembea bila kushikwa, 4 hatembei bila kushikwa, 5 ni wa kitandani, 6 amefariki. Ishike vizuri hiyo 2, tutairudia.

Muda. Saa haianzi kuhesabiwa mgonjwa alipokutwa sakafuni. Inaanza mara ya mwisho alipoonekana mzima. Aliyelala saa 4 usiku akiwa salama akaamka saa 12 asubuhi amepooza, kwetu ana saa 8, hata kama amefikishwa hospitali dakika 20 baada ya kuamka. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2006 yanasema mshipa mkubwa ukiziba, ubongo hupoteza chembe za neva zipatazo milioni 1.9 kila dakika. Ndiyo maana tunawakatiza maelezo yenu na kuuliza saa tu. Mtusamehe.

Sukari ya damu ikizidi milimoli 8 kwa lita wakati wa kupokelewa inaharibu makisio. Umri unajieleza wenyewe.

Kisha CT skani. Daktari anatafuta mambo mawili. Moja ni mshipa unaoonekana mweupe kama uzi wa chaki, yaani bonge lenyewe limejionyesha. Jingine ni dalili kwamba sehemu ya ubongo imeshaanza kufa: mpaka kati ya kijivu na nyeupe unafifia, mikunjo inafutika. Kama kuna picha ya mishipa, uliza swali hili na usione haya: "Bonge liko mshipa gani, na lina urefu gani?" Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba bonge lenye urefu unaozidi milimita 8 karibu haliyeyuki kwa dripu peke yake. Mgonjwa kama huyo makadirio yake yanategemea zaidi kama yupo wa kulivuta bonge kwa mrija kupitia kwenye mshipa. Jaribio la Uholanzi la mwaka 2015 lilikuta waliovutwa bonge 33 katika 100 walifika mwezi wa tatu wakijitegemea, dhidi ya 19 waliopata matibabu ya kawaida, ambayo kwa wengi wao ilikuwa dripu hii hii.

Kuzijumlisha

Mwaka 2012 madaktari wa Helsinki walichukua wagonjwa wao 1,319 waliopewa alteplasi, wakatengeneza hesabu ndogo inayoitwa DRAGON, kisha ikajaribiwa kwa wagonjwa 333 wa Basel. Naipenda kwa sababu inafanyika kichwani, dawa ikiwa bado inachanganywa.

Nitakufanyia kwa mgonjwa wangu mmoja, mama wa miaka 71. CT yake ilikuwa na ule uzi mweupe bila dalili nyingine: 1 (angekuwa na vyote viwili, 2, bila kimojawapo, 0). Kabla ya kiharusi alikuwa akijifanyia kila kitu: 0 (Rankin inayozidi 1 ingempa 1). Umri kati ya 65 na 79: 1 (80 kwenda juu ni 2; chini ya 65 ni 0). Sukari 9.4: 1. Kutoka dalili kuanza hadi sindano dakika 130: 1, kwa kuwa zimezidi 90. NIHSS 14: 2 (0 hadi 4 ni 0, 5 hadi 9 ni 1, 10 hadi 15 ni 2, zaidi ya 15 ni 3). Jumla 6 kati ya 10.

Sasa ina maana gani? Kwa wale wa Helsinki, waliopata 0 au 1 walifika mwezi wa tatu na Rankin ya 0 hadi 2 kwa 96 katika 100. Wenye 2 walikuwa 88, wenye 3 walikuwa 74. Upande wa pili, wenye 8 hadi 10 hakuna hata mmoja aliyefika huko. Unaona palipokosekana? Mama huyu ana 6. Hesabu hii inaona vizuri kwenye kingo mbili. Katikati ni ukungu, na wagonjwa wengi wanaoniletea usingizi mbaya wako katikati. Tena ilitengenezwa kabla uvutaji wa bonge haujawa jambo la kawaida, kwa hiyo hata ile sifuri ya 8 hadi 10 usiisome kama hukumu kwa mgonjwa anayepelekwa kuvutwa bonge.

Zipo hesabu nyingine. ASTRAL ya Lausanne inatumia umri, NIHSS, muda, uwezo wa kuona pande zote, sukari na ufahamu, na haihitaji CT. SEDAN inakisia hatari ya damu kuvuja ndani ya ubongo. Sijaona nesi anayehitaji kuzikariri zote. Jua moja vizuri, na ujue inakoishia.

Saa 24 za kwanza

Dawa ikishaingia, napima presha kila dakika 15 kwa saa 2, kila nusu saa kwa saa 6, kisha kila saa hadi zitimie 24. Tunataka isizidi 180 kwa 105. Wakati huo hakuna aspirini mpaka CT ya pili isomwe. Na hakuna kijiko cha maji kinywani kabla mgonjwa hajapimwa kumeza. Hilo nalirudia kila zamu kwa sababu kila zamu kuna shangazi mwenye huruma na chupa ya maji. Maji yakienda kifuani, nimonia itavuruga makadirio yote niliyokwisha kuyaeleza.

Wewe uliye pembeni mwa kitanda una kazi. Ukiona kichwa kinamuuma ghafla, anatapika, anasinzia kuliko nusu saa iliyopita, au mkono uliokuwa ukiinuka sasa hauinuki, usisubiri kuona kama itapita. Ita. Damu kuvuja kwa kiasi cha kumzidishia hali hutokea kwa wagonjwa kama 2 hadi 7 katika 100 kutegemea namna inavyohesabiwa, na mara nyingi hutokea katika saa hizi.

Zikitimia 24, narudia NIHSS mwanzo hadi mwisho, kwa karatasi ileile na picha ileile ya jikoni. Ukinilazimisha kuchagua namba moja tu ya kukisia hali ya mwezi wa tatu, nitachukua hii, niiache ile ya mapokezi. Alama zikishuka 4 au zaidi, au zikafika 0, hiyo ni ahueni ya mapema na ni habari njema kweli. Mama wa miaka 71 alitoka 14 hadi 6. Ukungu wa ile alama 6 ya DRAGON ukapungua hapohapo. Sikuwa na haja tena ya kuitazama.

Zisiposhuka je? Hapo ndipo ninapowaomba watu wavute pumzi. Mshipa unaweza kuwa umefunguka na ubongo ukabaki umezubaa siku kadhaa, kama mtu aliyepigwa kofi. Nimeona wagonjwa wasiobadilika hata alama moja siku ya kwanza, siku ya tano wakaomba kitana. Ila alama zikipanda kwa 4, hiyo si kuzubaa. Hiyo ni CT ya haraka.

Siku ya tatu: vidole, kisha kukaa

Hapa acha kuuliza habari za mtu mzima mzima. Uliza mkono. Uliza mguu. Uliza lugha. Kila kimoja kina njia yake.

Mkono: mkalishe vizuri, uushike mkono wake uliopooza kwa chini, umwambie aupeleke kando kutoka begani. Kisha uuweke juu ya mto, kiganja chini, umwambie anyooshe vidole. Usitafute nguvu, tafuta kujongea. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta kwamba mgonjwa anayeweza kujongeza vyote viwili, bega na vidole, ndani ya saa 72, ana uwezekano wa 98 katika 100 wa kurudishiwa kiasi fulani cha utumizi wa mkono mwezi wa sita. Asiyeweza hata kimoja, 25. Nimeiona hiyo 98 ikitimia mara nyingi kiasi kwamba siku ya tatu nikiingia zamu macho yangu hukimbilia vidole kabla ya mashine ya presha.

Kule Auckland wamekwenda mbele zaidi. Wanapima nguvu ya bega 0 hadi 5 na ya vidole 0 hadi 5, wanajumlisha. Mgonjwa wa chini ya miaka 80 akipata 5 au zaidi siku ya tatu, wanatarajia mkono urudi vizuri sana. Chini ya hapo wanatumia mashine ya sumaku inayogonga ubongo kutoka nje kuona kama njia ya kwenda mkononi bado ipo. Makisio yao yanalenga sawasawa kama mara 3 kati ya 4. Maana yake mara moja katika kila nne wanakosea, na hao wana mashine.

Mguu: je, anakaa ukingoni mwa kitanda sekunde 30 bila kushikwa, na mguu uliopooza unajongea walau kidogo? Kwa jibu la ndiyo ndani ya saa 72, utafiti wa mwaka 2011 kutoka hukohuko Uholanzi ulitoa 98 katika 100 kwamba mwezi wa sita atatembea bila kushikwa. Kwa hapana, 27. Na kama siku ya 9 bado ni hapana, 10. Simama pembeni yake unapohesabu sekunde, usisimame mbele yake kama mpiga picha. Anaanguka upande.

Lugha haina kipimo chepesi cha kitandani ninachokiamini hivyo. Hupiga hatua kubwa miezi mitatu ya kwanza na huendelea kusogea baada ya hapo. Yule mwalimu wa "maji… yule…" mwezi wa pili alikuwa akinisahihisha nahau.

Neno kwa wanaotaka kumwinua mgonjwa atembee siku hiyohiyo ya kwanza: jaribio kubwa la mwaka 2015 lenye wagonjwa 2,104 lilikuta kwamba kuwatoa kitandani mapema mno, mara nyingi na kwa muda mrefu, kulipunguza idadi ya waliofika mwezi wa tatu wakiwa vizuri. Mazoezi yapo, yanakuja. Usiku ule mwache apumzike.

Sindano ya fundi

Nilisema nililifanya kosa hili mwenyewe. Alikuwa fundi cherehani wa miaka 58. CT safi, sukari 6.1, dakika 100, NIHSS 8. Ijumlishe: 2. Yaani 88 katika 100. Kesho yake NIHSS ilikuwa 3, nami nikamwambia mkewe kwa furaha, mbele ya mgonjwa, "Mama, huyu amepona." Siku ya tatu sikumtazama vidole. Sikuwa na sababu. Alama 3 zilikuwa zimetufurahisha wote, hata daktari alikuwa ameshaanza kuzungumzia kumruhusu.

Sikuwa nimefikiria kwamba NIHSS haina alama hata moja ya vidole. Inapima mkono kuning'inia hewani. Mkono unaweza kukaa hewani hadi 10 bila kutikisika, na vidole vikawa havina akili.

Mwezi wa tatu alikuja kliniki akitembea mwenyewe, shati limenyooka. Nilianza kujaza karatasi. Akatoa kwenye mfuko wa shati kipande cha kitambaa kilichochomekwa sindano, akaniwekea mezani pamoja na uzi. "Sista, nitilie." Nikatia. Akaichukua kwa mkono wa kulia, ikadondoka. Akaiokota kwa wa kushoto, akairudisha kwa wa kulia, ikadondoka tena. "Kwenye karatasi yako nimepona?"

Kwenye karatasi yangu alikuwa Rankin 2. Anajimudu, hawezi yote aliyokuwa akiyafanya. Yumo ndani ya wale 88. Hesabu haikukosea hata kidogo. Mimi ndiye niliyetafsiri "matokeo mazuri" kama vile yanamaanisha cherehani.

Tangu siku ile swali langu la kwanza kwa ndugu, baada ya lile la vifungo, ni: "Mikono yake ilikuwa ikifanya kazi gani?" Dereva nitamwangalia macho ya pembeni. Mhasibu nitampa hesabu ndefu kidogo na kuona anachoka dakika ya ngapi. Mwimbaji wa kwaya nitamwomba aimbe, na mara nyingine anaimba maneno ambayo hawezi kuyasema.

Namna ya kulisema

Usiseme "asilimia 88." Sema: "Watu 100 walioingia hapa wakiwa na hali kama ya mzee, kama 88 miezi mitatu baadaye walikuwa wakijihudumia, 12 hawakuweza. Sijui mzee yuko kundi gani. Keshokutwa nitajua zaidi." Taja makundi yote mawili kwa sauti ileile. Ukilinong'oneza la pili, hawatalisikia.

Habari mbaya zina hatari yake. Mtabiri akisema mapema kwamba huyu hatainuka, mtaalamu wa viungo anaanza kupita haraka kitandani pake, ndugu wanapunguza kumsemesha, na kweli hainuki. Nimeona utabiri ukijitimiza kwa mikono yetu. Kwa hiyo mgonjwa mwenye alama mbaya siku ya kwanza kwangu anapata mazoezi yaleyale, na jibu gumu nalitoa baada ya siku kadhaa, pamoja na daktari, tukiwa tumekaa.

Na uangalie moyo. Karibu theluthi moja ya wagonjwa wa kiharusi hupatwa na sonona. Mtu aliyekadiriwa vizuri akigoma kufanya mazoezi wiki ya tatu, usimwite mvivu. Mwambie daktari.

Mimi huandika kwenye daftari mistari michache kwa kila mgonjwa, na ndugu ninamshauri awe na lake. Wa juzi, baba wa yule binti aliyenishika kiwiko, unasomeka hivi: "Fundi saa. Vifungo alijifunga mwenyewe. NIHSS 17, DRAGON 6. Saa 24: NIHSS 11, CT haina damu. Vidole: kesho."

Leo asubuhi binti hakuniuliza kitu. Alikuwa ameshauweka mkono wa baba yake juu ya mto, kiganja chini, kama nilivyomwonyesha. "Baba, nyoosha." Tukainama wote wawili. Bega lilikuwa limejongea kidogo nilipolijaribu mwanzo. Vidole vitatu vilikaa kimya; kidole cha shahada kikainuka upana wa kucha, kikarudi. Tukamwambia arudie. Akarudia. Nikaandika "shahada, mara mbili", na saa.